Shangazi Bimkubwa na Kisiwa cha Pili

Shangazi yangu Bimkubwa hatangazi safari. Akitaka kwenda Baltimore kununua vitambaa, atasema anakwenda kufua nguo. Akitaka kulala kwa rafiki yake Gaithersburg, atasema ana miadi ya meno, na sasa watu wa jengo letu wanaamini hana jino zima hata moja. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia macho ya watu wa Langley Park, mtaa wetu huku Marekani, yanaweza kuangusha ndege.

"Ukishafika ndipo useme umefika," huniambia. "Ukisharudi ndipo useme ulikwenda. Na kama si lazima, nyamaza kabisa."

Ana na lingine. Ukimwita kwa mbali na hajakuona, haitiki. Anasimama pale pale, ameganda, mpaka ajue ni nani. Siku moja nilipokuwa mdogo nilisikia jina langu kwenye ngazi za jengo nikaitika, "Naam!" Akanivuta mkono mpaka ndani.

"Umemwona anayekuita?"

"Sijamwona."

"Basi unaitikia nini? Unajua kama ni mtu?"

Nikamwambia mwalimu wetu kasema Marekani hakuna majini. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Majini hawaombi viza, mwanangu."

Mambo yote hayo huyaacha mlangoni akiingia kazini. Shangazi anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee kule Wheaton, na mzee akiita, hata awe mwisho wa ukumbi, Shangazi ameshafika na kitambaa begani kabla hajaitwa mara ya pili. Anasema mzee akiita mtu, mtu akachelewa, mzee hujiona ameshakufa.

Alizaliwa Wete, Pemba, kama baba yangu, maana wao ni ndugu baba mmoja mama mmoja. Alipata karatasi za kuja Marekani mwaka 1989, yeye peke yake. Mumewe, ambaye sisi tunamwita Ami Mwadini, alimsindikiza uwanja wa ndege akamwambia, "Tangulia, nakuja." Viza ya Ami ikakataliwa. Ikakataliwa tena. Kule kutangulia kukawa miaka saba. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kwamba Shangazi alishindwa kabisa kupika chakula cha mtu mmoja. Kila jioni alipika cha wawili, akala chake, na cha pili akatuletea sisi ghorofa ya juu kwenye sufuria iliyofunikwa sahani. Hakuna aliyeuliza kile ni chakula cha nani. Siku Ami alipokuja hatimaye, sufuria ile ikakoma, na Fawaz, mdogo wangu, akalia kwa sababu alikuwa amezoea.

Ami ni mrefu, mpole, na kazi yake ni kuegesha magari ya watu kwenye jengo la maofisi mjini. Ombi lake la kukaa moja kwa moja bado halijajibiwa. Mwaka jana walikwenda kwa wakili Silver Spring na wakanichukua mimi kutafsiri, kwa sababu Kiingereza cha Ami bado kilikuwa kinatembea kwa magongo. Wakili aligonga meza kwa kalamu yake akasema: mpaka jibu litoke, Mwadini asikanyage nje ya Marekani. Akikanyaga, hata akienda kula chakula cha mchana tu akarudi, atahesabiwa amelitupa ombi lake mwenyewe, na kurudi itakuwa habari ya miaka.

Nilipotafsiri neno miaka, Shangazi alikamata ukingo wa kiti.

Halafu akaniambia, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua, "Mwulize. Na kama mtu atakwenda kisiwani, lakini kisiwa chenyewe ni cha Marekani?"

Wakili akataka kujua kisiwa gani. Shangazi akasema Saint Thomas. Wakili akacheka akasema, "Hapo ni Marekani. Aende, aogelee, achukue karatasi zake tu."

Nje, kwenye meza ya mapokezi, alikuwa amekaa Anti Bilha. Anti Bilha ni Mkenya, anakaa jengo letu hilo hilo, ghorofa ya chini, na ndiye karani wa wakili yule. Akauliza, "Mama, mnapanga safari ama?"

"Safari ya wapi na mgongo huu?" Shangazi akajibu, akajishika kiuno mpaka tukafika kituo cha basi.

Saint Thomas ilianza na bamia. Kwenye ile nyumba ya wazee kuna bibi mmoja anaitwa Miss Clothilda, mwenye miaka tisini na kitu, mzaliwa wa kisiwa hicho. Alipoletwa alikataa kula. Walimpa supu, akageuza uso. Walimpa viazi, akageuza uso. Siku moja Shangazi alimpelekea chakula chake mwenyewe alichokuja nacho kazini, ugali laini na bamia na kipande cha samaki. Miss Clothilda akaonja, akaweka kijiko chini, akalia. Kumbe kwao wanakula hivyo hivyo, unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Tangu siku hiyo kila asubuhi anamwita kwa sauti inayofika mpaka jikoni, "Bim! Nimekaa hapa na njaa! Unakuja au huji?" Na kila akila anamsimulia visiwa vyao: vilima vimesimama ndani ya maji, njia zinapanda mpaka gari linakohoa, na majabali makubwa kama nyumba yaliyolaliana ufukweni, bahari inapita chini yake.

Shangazi na Ami walikuwa hawajawahi kutembea pamoja mahali popote kwa kutazama tu. Harusi yao ilikuwa mwaka wa njaa, na baada ya harusi zikaja foleni, na baada ya foleni ikaja ile miaka ya simu. Basi akaamua. Waliojua ni Baba, Mama na mimi. Fawaz hakuambiwa kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Kazini alimwambia Miss Clothilda peke yake, kwa sababu mpwa wa Miss Clothilda ana chumba cha wageni kule kisiwani. Wakaondoka Ijumaa moja ya mwezi wa pili mwaka huu wa 1998, baada ya Idi, alfajiri, na masanduku yamefungwa kwenye shuka kama nguo za kufua.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Nje theluji ilikuwa imefunika magari yote, Baba alikuwa barabarani na teksi yake, Mama alikuwa kazini Gaithersburg. Fawaz alikuwa amelala chini anaangalia katuni.

"Nuha! Nasema haraka, kadi ya simu inakwisha. Mwanangu, huku joto! Ami yako kavaa kaptula. Wallahi kaptula! Miguu yake haijaona jua tangu uwanja wa mpira wa Wete."

Nikasikia sauti ya Ami nyuma yake: "Mwambie ya maana."

"Haya ndiyo ya maana. Nuha, jana tumeona ngome nyekundu, tumepanda mlima kwa gari lisilo na milango, mimi macho nimefumba na Ami yako ananisimulia ninavyovipita. Leo tunakwenda kisiwa cha pili."

"Kipi?"

"Kinaitwa Gorda. Ndiko kwenye yale majabali. Boti saa nne, lakini Ami yako keshapanga mstari, unamjua. Mpwa wa Miss Clothilda katukatia tikiti mwenyewe, anafanya kazi hapa hapa dirishani."

"Ni mbali?"

"Mbali wapi! Ni kama kutoka Unguja kwenda Pemba, tena karibu zaidi. Visiwa vyenyewe vimepangwa kama sahani mezani. Wamesema tubebe pasipoti."

"Pasipoti ya nini?"

"Ya boti, we mtoto. Sisi zamani kwenda Dar es Salaam si tulikuwa tunaonyesha pasipoti, na nchi moja? Wenye bandari wanapenda mihuri. Haya, mfunike Fawaz, asikae chini na baridi hii, na usimwambie mtu..."

Kadi ikakatika.

Mimi nikisikia jina la mahali siwezi kutulia mpaka nilione. Nilichukua atlasi ya shule nikaifungua juu ya meza, pembeni ya bakuli la Fawaz. Visiwa vyenyewe ni vidogo kama makombo. Nikakipata Saint Thomas. Nikapeleka kidole upande wa kulia nikaona mstari wa vidoti umepita katikati ya bahari, unajipinda baina ya kisiwa na kisiwa. Upande huu rangi ya kijani, imeandikwa Marekani. Upande ule rangi ya waridi, imeandikwa Uingereza. Gorda iko ule upande wa waridi.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Kidole changu kilikuwa kimelowa maziwa na kikaacha alama juu ya Gorda.

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayemwagiwa maji. Shangazi na Ami wametoka visiwani, kwao unapanda boti asubuhi unashuka kisiwa kingine na bado uko kwenu. Na hata pasipoti haikuwashtua, kwa sababu kwao walionyesha pasipoti ndani ya nchi moja. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Wao tu ndio wasingeuliza.

Shangazi ana kadi yake ya makazi, yeye angerudi. Ami angebaki. Nikaiona ile sufuria iliyofunikwa sahani inapanda ngazi tena.

Nilimpigia Baba kwenye peja, kile kidude chake cha kumwita akiwa kwenye teksi, hakurudisha simu. Nikapiga kazini kwa Mama, simu ikalia mpaka ikachoka. Namba ya mpwa wa Miss Clothilda sikuwa nayo, wala jina lake. Shangazi hakusema, ndivyo alivyo. Aliyejua ni Miss Clothilda, na Miss Clothilda yuko Wheaton, namba ya kule anayo Shangazi, na mimi sina gari. Saa ya jikoni ilikuwa haijafika saa mbili na nusu. Nikajipa moyo: mpaka saa nne kuna muda.

Dirishani nikamwona Anti Bilha kule chini, ana rola za nywele kichwani na koti juu ya gauni la kulalia, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

Nilisita, sikatai. Kumwambia Anti Bilha ni kuliambia jengo, na jengo likijua, msikiti unajua, na duka la nyama linajua. Shangazi amenikataza kila siku ya maisha yangu. Halafu nikaikumbuka ile sufuria tena, nikashuka na ndala kwenye theluji.

"Anti Bilha!"

"Woi, Nuha, mbona bila viatu? Nyumba inachomeka?"

"Anti, mtu ambaye ombi lake halijajibiwa, akipanda boti akaenda kisiwa cha Uingereza, kutembea tu, jioni anarudi?"

"Harudi."

"Kutembea tu!"

"Nuha, sisi kwa ofisi tulikuwa na mama mmoja alivuka daraja la Canada kuona maporomoko ya maji. Akapiga picha, akageuka. Mpaka leo bado yuko kwa upande wa picha." Akaacha kukwangua. "Kwani ni nani?"

Akaniangalia. Macho yake yakapanda taratibu mpaka dirisha la Shangazi, lenye pazia lililofungwa.

"Ati nini? Bimkubwa? Si huyo yuko kwa nyumba na mgongo?"

"Wako Saint Thomas. Wanapanda boti saa nne kwenda Gorda. Wanafikiri ni nchi moja."

"Aki nyinyi watu wa pwani!" Akatupa kikwangulio ndani ya gari. "Ita mdogo wako. Ingieni!"

Tukapita barabara ya University Boulevard na kioo kimekwanguliwa upande wa dereva tu. Mimi nilikuwa naangalia Marekani kupitia barafu. Fawaz, amejifunga blanketi, akauliza kwa Kiingereza kama tunamfuata Shangazi hospitali.

"Jumatano!" Anti Bilha alikuwa anasema, anapiga usukani. "Jumatano nimekaa naye kwa mashine za kufua. Nimembebea kapu! Kumbe mgongo unaenda kuogelea! Si angeniambia?"

"Ungesema."

"Ningesema, ndio! Ningeambia kila mtu, na mmoja wao angemwambia asipande boti!" Taa ikawa nyekundu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hebu geuka kijani, wewe taa. Geuka."

Kwenye nyumba ya wazee dada wa mapokezi akasema muda wa wageni bado. Anti Bilha, na rola zake kichwani, akasema yeye ni mtoto wa Miss Clothilda. Dada akamwangalia. "Wa mwisho," Anti Bilha akaongeza, na tayari tulikuwa tumeshampita.

Miss Clothilda alikuwa kwenye ukumbi wa kulia, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, na kofia ya sufi, mbele yake uji wa shayiri ambao hajaugusa. Alizungumza Kiingereza cha kwao, mimi nakiandika kwa Kiswahili. Nilimweleza kwa haraka mpaka nikawa narudia maneno. Hakunikatiza. Niliposema boti ya Gorda ya saa nne, aliinua macho kwenye saa ya ukutani.

"Mtoto," akasema, "kule kwetu saa imetangulia. Hapa inakaribia saa tatu. Kule inakaribia saa nne."

Sikumbuki vizuri nani alisukuma kiti chake cha magurudumu, mimi au Anti Bilha. Nakumbuka magurudumu yalivyolia sakafuni. Kwenye meza ya wauguzi alikuwepo nesi Mnaijeria anaitwa Fola. Alituona tunavyokuja, akasogeza faili zake, akaweka simu mbele ya Miss Clothilda bila swali. Bibi akabonyeza namba kwa kidole kimoja kilichopinda, moja moja, kama anayechagua dengu. Nilitaka kumnyang'anya. Nesi Fola akabonyeza kitufe ili sote tusikie.

Mpwa wake akapokea na kelele za bandari nyuma yake.

"Wale wageni wangu," Miss Clothilda akasema. "Wasipande."

"Shangazi," mpwa akamjibu bibi, "mstari umeshaanza kuingia. Nawaona, wako karibu na ngazi ya boti. Kwani kuna nini? Si Wamarekani?"

"Mume bado. Waite."

"Siwezi kuacha dirisha, watu wamejaa. Nitawaita kwa kipaza sauti."

Tukasikia mlio wa kipaza sauti, kisha majina yao yakapita juu ya bandari ile na kutufikia sisi Wheaton kupitia simu, yamekwaruzika, yamevunjika, hayafanani na sauti ya mtu yeyote. Bimkubwa na Mwadini, njooni dirisha la tikiti.

Tukangoja.

"Wanakuja?" akauliza Anti Bilha.

Akaita tena. Kelele za watu, ndege wa baharini, injini.

"Hawaji," mpwa akasema. "Wamesikia, nina hakika wamesikia. Mama kasimama tu, kaganda. Kamshika mumewe mkono. Sasa wanasogea. Wanasogea mbele!"

Nilikuwa namwona kabisa kama niko pale: ugenini, hakuna anayemjua, hakumwambia mtu, na hewa yenyewe inamwita kwa jina. Shangazi yangu angeitika? Angemfinya Ami na kumwambia, "Usiitike."

"Haitiki!" nikapiga kelele. "Hajui ni nani! Mtu asiyemwona hamwitikii!"

Miss Clothilda akanitazama kidogo. Kisha akaiinamia ile simu.

"We mtoto," akamwambia mpwa wake, "iweke simu kwenye hicho kipaza sauti. Nami niite."

Kukawa na mkwaruzo. Akavuta pumzi, mabega yake madogo yakapanda, na akaita kama anavyoita kila asubuhi, sauti ambayo sikudhani inaweza kukaa ndani ya mwili ule:

"Bim! Nimekaa hapa na njaa! Unakuja au huji?"

Kule ukumbini mzee mmoja akaacha kijiko hewani.

"Mungu wangu," mpwa akasema kwenye simu. "Anakimbia. Ametupa kofia. Anawapangua watu."

Kisha pumzi, na sauti ya Shangazi kwa Kiingereza chake cha kazini: "Nakuja, Miss Clothilda! Nakuja! Nani kafa?"

"Shangazi, ni mimi."

"Nuha?" Akarudi kwenye Kiswahili. "Nuha wewe? Umeingiaje humu?"

"Ami yuko wapi?"

"Yuko kwenye mstari. Ananishikia nafasi."

"Asipande! Shangazi, Gorda si Marekani, ni Uingereza! Ni ule upande mwingine! Akishuka kule harudi!"

Kabla hajajibu honi ya boti ikalia, ndefu, mpaka simu yenyewe ikatetemeka mezani.

"Pasipoti anazo yeye," akasema Shangazi, taratibu sana. "Zote mbili."

Halafu simu ikaanguka. Tulisikia inagonga ukuta, inagonga, inagonga. Tukamsikia akipiga kelele jina la mumewe, mara nyingi, kila mara kutoka mbali zaidi. Halafu injini tu. Anti Bilha alikuwa anaomba kwa lugha ya kwao. Mimi nikaanza kusoma Ayatul Kursi na nikakosea katikati nikaanza upya. Fawaz akaweka mkono wake kwenye mkono wangu, na nikahisi ni wa baridi. Injini ikapiga kelele zaidi, kisha ikaanza kufifia. Boti ilikuwa imeondoka.

Miss Clothilda alikuwa amefumba macho.

Mtu akaiokota simu.

"Nuha? Hapa Mwadini."

"Ami! Uko wapi?"

"Niko chini."

"Chini wapi, Ami?"

"Chini, ardhini. Bandarini. Shangazi yako kanishika shati mpaka limechanika, wazungu wanatuangalia."

Anti Bilha alikaa sakafuni pale pale, na rola moja ikamdondoka ikabingirika chini ya meza.

Baadaye nilimwuliza Ami ilikuwaje. Aliniambia yule kijana wa boti alimshika bega akamwambia panda tu, mzee, mkeo yuko nyuma, atakuja. Na Ami, mwenye pasipoti mbili mkononi na mguu mmoja ngazini, akaurudisha mguu chini akawapisha watu wapite, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Habari ya Uingereza hakuwa anaijua, wala maneno ya wakili hayakumjia akilini. "Nilishamwambia mtu atangulie na mimi nakuja," akanambia. "Naujua mwisho wake. Sipandi chombo yeye hayumo."

Jumatatu waliporudi, kwenye uwanja wa ndege wa kule, ofisa aliangalia karatasi za Ami muda mrefu akamwuliza kama alitoka kwenda visiwa vingine. Shangazi anasema aliogopa, kwa sababu Ami huwa hajibu Kiingereza bila kumtazama mtu wa kumtafsiria. Safari hii hakumtazama mtu. Akasema, "Hapana, bwana. Nilibaki." Ofisa akagonga muhuri, wakapita.

Langley Park walikuta maegesho yamejaa watu. Majirani, watu wa msikitini, hata bwana wa duka la nyama alikuwepo. Shangazi alishuka kwenye teksi ya Baba na mzigo wake uliofungwa kwenye shuka, akasimama, akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nikatazama theluji.

"Nani kasema?"

Anti Bilha akasogea mbele akampokea mzigo. "Karibu, Mama. Mgongo unaendeleaje?"

Watu wakashindwa kujizuia, wakacheka. Shangazi alitaka kukasirika, nilimwona anavyoitafuta hasira yake, lakini badala yake alimkumbatia Anti Bilha na kukaa hivyo kwa muda, na mzigo katikati yao. Kisha akanivuta sikio. Hakulivuta sana.

Miss Clothilda aliletewa picha. Ni ya bahari, na mbali kabisa kuna kitu kama kidole cha moshi, ambacho Shangazi anashikilia kuwa ni Gorda. Miss Clothilda anasema si Gorda, ni kisiwa kingine kabisa. Wanabishana juu yake kila asubuhi mpaka ugali unapoa.

Jibu la Ami bado halijatoka. Tunangoja. Wiki iliyopita nilikuwa na Shangazi kule chini kwenye mashine za kufua, na Anti Bilha akaingia na kapu lake. Shangazi akakohoa. Akasema anafikiria kwenda na Mwadini kuyaona yale maporomoko ya maji, upande huu, upande huu tu, na je, daraja linaanzia wapi hasa? Anti Bilha akaweka kapu chini akaanza kumchorea kwa kidole juu ya mashine yenye unga wa sabuni: hapa maji, hapa daraja, hapa usipite. Shangazi aliuangalia mchoro ule muda mrefu, midomo inasogea, anaukariri.

Alipomaliza akatugeukia sote wawili, akashusha sauti.

"Lakini msimwambie mtu."